Dawa ya Maradhi Mengi, Wala Si ya Kila Homa

Maneno yetu ya leo yahusu dawa ambayo wengi wetu twaijua kwa macho kuliko tuzijuavyo habari zake. Ni dawa iitwayo tetrasaiklini, ambayo aghalabu hutiwa katika vidonge vyenye ganda la rangi mbili, pamoja na ndugu yake wa karibu aitwaye doksisaiklini. Waganga huzihesabu dawa hizi katika kundi la dawa zenye uwanja mpana. Maana yake ni kwamba haziviandami vijidudu vya aina moja tu, bali huvishika vya aina nyingi. Sifa hiyo ni kubwa, tena ni ya kweli. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo iliyowapoteza watu wengi, kwa kuwa mtu akisikia kwamba dawa inafaa kwa maradhi mengi, hudhani kuwa yafaa kwa maradhi yote.

Tumeuchagua mji wa Ifakara na bonde la Mto Kilombero kuwa mahali pa mfano wetu. Bonde hili lipo katika mkoa wa Morogoro, baina ya milima ya Udzungwa na nchi ya juu ya Mahenge. Wakati wa mvua mto hufurika, ukaacha rutuba nyuma yake, na mpunga ukastawi. Msimu wa kilimo ufikapo, watu wengi huziacha nyumba zao za kijijini, wakaenda kukaa katika vibanda na madungu huko mashambani, wapate kuulinda mpunga na ndege na nguruwe mwitu. Huko zahanati iko mbali, bali homa iko karibu.

Basi na tufikiri habari ya mama aliyeko shambani, na mtoto wake ameshikwa na homa usiku. Katika kikapu chake mna vidonge vichache vya rangi mbili, vilivyosalia baba wa mtoto alipotibiwa kidonda mwezi uliopita. Je, ampe mtoto? Swali hili ndilo tunalotaka kulijibu leo. Na ili tulijibu sawasawa, yatupasa kwanza kujua dawa hii imetoka wapi, na hufanyaje kazi yake mwilini.

Dawa hii asili yake ni udongo. Katika udongo mmejaa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hushindana kwa chakula na mahali pa kukaa, kama magugu na mpunga vishindanavyo shambani. Viumbe vingine hutoa majimaji ya kuwazuia jirani zao wasistawi. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Benjamin Duggar, alipata katika udongo wa shamba moja la Chuo Kikuu cha Missouri kiumbe cha namna hiyo, chenye rangi ya dhahabu. Dawa iliyotokana nacho ilitangazwa mwaka 1948 kwa jina la Aureomycin, nayo ndiyo ya kwanza katika jamii hii. Baadaye, katika miaka ya 1950, mkemia Lloyd Conover akaibadili kidogo akaipata tetrasaiklini yenyewe. Na mwaka 1967 doksisaiklini ikaanza kuuzwa, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hata mgonjwa hahitaji kuimeza mara nyingi kwa siku.

Tena si sisi wa zama hizi tulio wa kwanza kuila. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani walieleza habari za mifupa ya watu wa kale wa Nubia, katika nchi ya Sudani, waliokufa yapata miaka 1,500 iliyopita. Mifupa hiyo ilipomulikwa kwa mwanga wa namna maalumu iling'aa rangi ya manjano na kijani, nayo ikaonekana kuwa ina tetrasaiklini ndani yake. Wataalamu hao wafikiri ya kuwa dawa iliingia katika pombe ya nafaka waliyokuwa wakiinywa. Tafadhali likumbukeni neno hili, kwamba dawa hii huingia katika mifupa ikakaa humo, kwa maana tutalihitaji mbele.

Sasa tueleze kazi yake. Kila kiumbe chenye uhai hujenga mwili wake kwa kitu kiitwacho protini, nacho kina karakana ndogo sana za kuitengenezea. Kijidudu kisipoweza kutengeneza protini hakiwezi kukua wala kuzaa. Karakana za vijidudu viitwavyo bakteria si sawa na zetu. Umbo lake ni mbali kidogo. Tetrasaiklini hupenya ndani ya bakteria, ikakaa katika karakana yake mahali pale pale ambapo tofali lijalo lingepangwa. Fundi ana matofali, ana udongo, lakini mahali pa kupanga pamezibwa. Nyumba haiendi juu. Na kwa kuwa karakana za bakteria wa aina nyingi zafanana, dawa moja huweza kuzisimamisha zote. Hiyo ndiyo siri ya uwanja wake mpana.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, dawa hii kwa kawaida haimwui bakteria papo hapo, bali humzuia asiongezeke, na askari wa damu yetu wenyewe ndio wamalizao vita. Kwa hiyo mtu akiacha kuimeza siku ya pili, kwa sababu amepata nafuu, huwaacha adui wengi wangali hai. La pili, viko vijidudu vingine viitwavyo virusi, ambavyo havina karakana yake vyenyewe. Huingia katika chembe za mwili wetu vikatumia karakana zetu. Mafua ni ya namna hiyo, na surua pia, na vikohozi vingi vya watoto. Juu ya hivyo tetrasaiklini haina mahali pa kushika. Mtu akiwa na mafua akaimeza, ni kama aliyefunga mlango wa nyumba ya jirani ili mwizi asiingie kwake.

Ili tuione nguvu ya dawa hii mahali inapostahili, na tutazame ugonjwa mmoja ulioijulisha Ifakara kwa wataalamu wa nchi nyingi, yaani homa ya papasi. Papasi huyu hukaa katika nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka akamwuma aliyelala, akanywa damu, na kabla ya mapambazuko amekwisha kurudi ufani. Aliyeumwa aghalabu hana habari. Baada ya siku kadha wa kadha hushikwa na homa kali na kuumwa na kichwa. Homa ikaisha, naye akadhani kuwa amepona. Kisha ikarudi, na pengine ikarudi tena na tena. Sababu yake ni kwamba bakteria wa ugonjwa huu, aliye mwembamba na mwenye kusokotwa kama kizibuo, hubadili vazi lake. Askari wa damu wakisha kuijua sura yake, wachache huvaa sura nyingine, vita ikaanza upya.

Habari hizi zilipatikana kwa gharama ya maisha. Mwaka 1905 Daktari Joseph Everett Dutton alikuwa akiuchunguza ugonjwa huu katika nchi ya Kongo pamoja na mwenzake John Todd, nao wakathibitisha kuwa papasi ndiye auletaye. Dutton mwenyewe alishikwa nao, akafa huko Kasongo mwaka huo huo. Wakati ule ule Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, aliwachunguza papasi wa nchi ambayo leo ni Tanzania bara, akaona kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake kijidudu hicho kwa njia ya mayai. Basi nyumba yenye papasi yaweza kubaki na ugonjwa miaka mingi, hata wenyeji wake wakihama.

Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa mji wa Basel, katika nchi ya Uswisi, alifika Ifakara, ambako ilikuwapo hospitali ya misheni. Hospitali hiyo leo ni Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Geigy na wenzake waliwatafuta papasi katika nyumba za watu na hata katika mashimo ya ngiri, wapate kujua ugonjwa wakaa wapi. Na mwaka 1957 maabara ikaanzishwa hapo Ifakara. Maabara hiyo ndogo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, inayoongozwa na Watanzania wenyewe.

Kwa homa ya papasi tetrasaiklini na doksisaiklini ni dawa hodari. Ila hata hapo pana hatari ambayo mnunuzi wa dukani haijui. Dawa iingiapo, bakteria hufa wengi kwa mara moja, na takataka zake humwagika katika damu. Saa chache baadaye mgonjwa huweza kutetemeka sana, homa ikapanda, kisha nguvu ya mapigo ya damu ikashuka hata akawa hatarini. Kwa sababu hiyo mgonjwa huyu yafaa atibiwe mahali penye mtu wa kumtazama. Tena kile kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni kijidudu huyu hata kidogo. Yeye huonekana kwa hadubini, katika tone la damu. Na ugonjwa huu si hadithi ya kale tu, kwani umeendelea kuonekana katika Tanzania ya kati. Watu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa habari ya papasi methali hii ni kweli kwa maneno yake yenyewe, maana ufa ukizibwa na sakafu ikisakafiwa, papasi hana makao.

Ziko homa nyingine zishikwazo na dawa hii. Mkulima asimamaye katika maji ya jaruba, mahali panya walipokojoa, aweza kupata ugonjwa wa leptospira, ambao huko kwetu huitwa homa ya mgunda. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Serikali ilitangaza kuwa ugonjwa huu umetokea katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, na watu 3 walikuwa wamekwisha kufa. Doksisaiklini ni mojawapo ya dawa zake. Hali kadhalika hutumika katika tauni, na katika homa nyingine ziletwazo na kupe. Katika kipindupindu nayo husaidia, ila hapo maji ya chumvi na sukari ndiyo yaokoayo roho, na dawa ni msaidizi tu. Kwa msafiri, doksisaiklini huweza kumkinga na malaria. Lakini kuiponya malaria iliyokwisha kushika haifai kutegemewa peke yake, kwa kuwa mwendo wake ni wa polepole, na malaria kali haingoji.

Sasa tumrudie mtoto wetu wa shambani. Zamani kila homa ya mtoto katika bonde hili ilidhaniwa kuwa malaria. Mwaka 2008 wataalamu wa Tanzania na Uswisi walifanya uchunguzi mkubwa katika Dar es Salaam na Ifakara, na habari zake zikachapishwa mwaka 2014. Waliwapima watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliokuja na homa, wakatafuta sababu ya kila homa kwa vipimo vingi. Wakaona kuwa katika kila watoto 100, wapata 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi. 22 walikuwa na ugonjwa wa bakteria. Na 11 tu walikuwa na ugonjwa wa vimelea, ambao karibu wote ulikuwa malaria. Hesabu hii yazidi mia kwa sababu watoto wengine walikuwa na maradhi zaidi ya moja.

Tuifikiri hesabu hiyo. Watoto wengi sana kati yao hawakuhitaji dawa ya bakteria. Walihitaji kunyweshwa maji, kulishwa, kupunguziwa homa na kuangaliwa vema. Lakini wale 22 wamo katika kundi, na baadhi yao, kama mwenye kichomi, wasipopata dawa upesi huenda wakafa. Kwa sura tu mama hawezi kuwatenga, wala hata mganga hawezi bila kuuliza na kupima. Ndiyo maana kubahatisha kuna hasara pande zote mbili. Mwenye virusi hupewa dawa asiyoihitaji. Na mwenye kichomi hupewa mabaki ya vidonge visivyo vya ugonjwa wake, siku zikapotea.

Je, yawezekana kupunguza dawa bila kuwadhuru watoto? Jambo hili nalo limejaribiwa. Kuanzia mwezi wa Desemba mwaka 2021 hata Oktoba mwaka 2022, katika zahanati na vituo vya afya 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya, nusu ya waganga walipewa kishikwambi, yaani kompyuta ndogo ya mkononi, chenye kuwaongoza swali kwa swali na kipimo kwa kipimo. Katika vituo vya desturi, watoto 70 katika kila 100 walipewa dawa za bakteria. Katika vituo vyenye kishikwambi walipewa 23 tu. Baada ya siku 7 hali za watoto wa pande zote mbili zilikuwa sawasawa. Basi dawa nyingi zilizotolewa hazikuwa zikimponya mtu.

Huenda mtu akauliza, ikiwa haifai, itadhuru nini? Itadhuru, wasikilizaji. Tumesema kwamba dawa hii huingia katika mifupa. Mtoto wa chini ya miaka 8 ambaye meno yake ya ukubwani yangali yakijengwa, akimeza tetrasaiklini, meno yake huenda yakatoka na madoa ya manjano au hudhurungi yasiyosuguliwa yakatoka. Mama mjamzito naye humpelekea mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo watu hawa hawapewi, ila mganga awe ameona sababu kubwa. Tena dawa hii hushikana na maziwa na vidonge vya kuongeza damu, ikashindwa kuingia mwilini. Humezwa kwa maji mengi, mtu akiwa ameketi au amesimama, asilale papo hapo, isije ikamchoma kooni. Huifanya ngozi ichomwe upesi na jua, jambo la kuangaliwa sana na mtu wa shamba. Na tetrasaiklini iliyopita tarehe yake huweza kuharibu figo.

Kuna na hasara nyingine iliyo kubwa kuliko zote, nayo si ya mtu mmoja. Dawa yenye uwanja mpana ni kama moto wa kusafishia shamba. Haujui gugu wala mche mwema, huchoma vyote. Ndani ya matumbo yetu mna bakteria wema watusaidiao, nao husimamishwa pamoja na wabaya. Na baada ya moto, mmea gani huota wa kwanza? Ule uliokuwa na mizizi isiyoungua. Hali kadhalika bakteria wengine wana pampu ndogo za kuitupa tetrasaiklini nje ya miili yao, na wenzao wakisha kuondoka hao hupata nafasi ya kuongezeka. Tena huweza kuwapa jirani zao ufundi huo, hata wa aina nyingine. Hivyo vidonge vilivyomezwa bure shamba hili huweza kumnyima mgonjwa wa kweli dawa yake katika shamba la pili.

Na wafugaji nao hatuwasahau. Oksitetrasaiklini, ile dawa ya njano ya sindano wanayochomwa ng'ombe, ni ya jamii hii hii. Ng'ombe akichomwa, maziwa na nyama yake huwa na dawa kwa siku kadhaa, na siku hizo zimeandikwa katika karatasi ya chupa. Mfugaji aziheshimu siku hizo kabla ya kukamua kwa kuuza au kuchinja. Bakteria hajui mpaka wa zizi na nyumba.

Basi jibu letu kwa mama ni hili. Vidonge vya kikapuni asimpe mtoto. Ampe maji, amnyonyeshe, ampunguzie nguo. Na kukicha ampeleke zahanati, wamtoboe kidole kwa kipimo cha malaria. Lakini akimwona mtoto anapumua mbio au mbavu zinabonyea, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea asiamke, asingoje kukicha. Na aombe msaada wa jirani wa mashamba usiku huo huo. Na zahanati ikiwa mbali mno, duka la dawa muhimu lililosajiliwa ni bora kuliko kikapu, maana muuzaji wake amefundishwa dalili za kumpeleka mtoto hospitalini. Na akisha kupewa dawa iliyo yake, aimalize kama alivyoambiwa, asiweke nusu kwa ajili ya homa ijayo.

Dawa hii imetoka udongoni, na kwa wengi imekuwa tofauti ya kufa na kupona. Tuitunze kama tutunzavyo mbegu njema ya mpunga, ambayo haimwagwi njiani, bali hutunzwa ghalani, ikatolewa wakati wake, ikapandwa mahali pake.